Ramani ya URCA: nyota nne kwa anayepanga huduma za vijijini

Kazi yangu ni kupanga njia za magari yanayokusanya maziwa vijijini na kuyafikisha mjini. Ramani ya mipaka ya utawala hainisaidii sana, kwa sababu maziwa huharibika kwa saa, si kwa kuvuka mpaka. Ndiyo maana naipenda URCA (Urban-Rural Catchment Areas, yaani maeneo ya mijini na vijijini yanayotegemea mji fulani), ramani ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2021 na Andrea Cattaneo, Andrew Nelson na Theresa McMenomy. Inapatikana bure na inafunguka kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kutazama na kuchora ramani.

Dunia imekatwa vipande vya takriban kilomita moja kwa moja, na kila kipande kimepewa mji kinaoutegemea kwa kuangalia muda wa safari: chini ya saa moja, saa moja hadi mbili, mbili hadi tatu. Miji nayo ina madaraja saba, kuanzia ya watu 20,000 hadi inayozidi milioni 5. Miji yenyewe ni makundi saba, na maeneo yanayoitegemea ni 21 (madaraja saba kwa vipindi vitatu vya muda). Ukiongeza makundi mawili ya maeneo yaliyo mbali na yote hayo, jumla ni 30.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi inavyoipa miji midogo nafasi yake. Ramani nyingi hulionyesha jiji kubwa, kisha kilichobaki chote kinapakwa rangi moja na kuitwa vijijini. Waandaaji wa URCA walikuta kuwa robo ya watu wote duniani wanaishi viungani mwa miji ya kati na midogo. Katika nchi za kipato cha chini, 64% wako kwenye miji midogo au maeneo yanayoitegemea. Anayetafuta pa kujenga kiwanda cha kusindika au soko la jumla azitazame namba hizo kabla ya kukimbilia jijini.

Kasoro kubwa ni kwamba kila kipande kina mji mmoja tu. Miji miwili ikiwa ndani ya saa moja, mkubwa ndio unaohesabiwa, hata kama mdogo uko jirani zaidi. Lakini mfugaji huyohuyo huuza maziwa mji mmoja, hununua dawa ya mifugo mwingine, na mtoto wake anasoma kwingine kabisa. Uhusiano huo wa pande nyingi haumo, na kwangu ndio utajiri wenyewe wa maisha ya vijijini.

Muda wa safari katika ramani hii pia haujui msimu: njia ya udongo iliyokatwa na mvua inahesabiwa sawa na ya kiangazi. Na kwa kuwa hali inayoonyeshwa ni ya 2015, barabara zilizojengwa baadaye hazimo. Mimi huweka juu yake barabara za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, naanza na makundi ya muda kabla ya ukubwa wa miji, na hapo picha inakaa sawa.

Kwa kuchagua eneo la kituo cha kupozea maziwa, sijapata ramani bora zaidi. Kwa kupanga ratiba ya gari la asubuhi, muulize dereva anayeipita njia hiyo.