Programu ya kupanga vipande vya DNA mtandaoni: nzuri ila inaganda

Kwa kazi yenyewe naipa nyota nne, unaingiza vekta (DNA ya kubebea kipande) na vipande vyako inakupangia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) zenye ncha za kupishana, zile besi 20 hadi 40 za Gibson (njia ya kuunganisha vipande vya DNA), huna haja ya kuhesabu kitu kwa mkono. Shida spidi jamani. Plasmidi (DNA ndogo ya duara) ya besi elfu tano inaenda freshi, ila fungua jenomu nzima ya E. coli, besi kama milioni 4.6, halafu uache vimeng'enya vyote vya kukata DNA na tafsiri ya protini vinaonekana, ukurasa unaganda mpaka feni ya laptop inalia.

Kabla hujalaumu bando, fungua dirisha la faragha la brauza, ikienda vizuri basi ni ekstensheni, zizime. Isipobadilika kata kipande unachokitaka tu ukisevu kama faili jipya, na uonyeshe vimeng'enya unavyotumia tu, mfano BsaI. Hiyo ya kukata ndo inasaidia kuliko zote.

Ila wenye programu wangeweka onyo faili likiwa kubwa, mwanafunzi mwenye RAM ya GB 4 anateseka bure. Neti ikikata kabisa kuna ApE, programu ya kuhariri plasmidi, ya bure na haihitaji intaneti, mi siitoi kwenye mashine yangu.