Kozi ya huduma ya kwanza ya porini, Nyali na Kwale: uzoefu wangu

Watu wengi kwenye grupu letu la kupanda milima wameniuliza kama ile kozi yafaa pesa, nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa voisi mpaka nimechoka, basi wacha niandike mara moja kila mtu asome. Nililipa 16,500, siku mbili, ya kwanza darasani Nyali, ya pili tukavuka feri mpaka Kwale tukaingia msituni upande wa Shimba Hills. Kwa ufupi, ndio, nendeni. Lakini kuna vitu vilinikera na nitavisema pia manake pesa haziokotwi.

Mjue kwanza kwa nini nilienda. Miaka miwili nyuma tulipanda Kasigau, tulikuwa saba pamoja na kijana wa kutuonyesha njia kutoka Rukanga. Mlima wenyewe ni mita 1,641, si wa kutisha, lakini kule juu ni msitu wenye mawingu na mawe yake yateleza hata kama hakujanyesha. Wakati wa kushuka mdogo wangu akateleza, tukasikia tu kah! kifundo cha mguu hicho. Mimi ndo nlikuwa na cheti cha huduma ya kwanza, kile tunachofanyishwa kazini, basi wote wakanitazama mimi. Nikachukua leso nikaufunga mguu juu ya kiatu, nikakaza kwa nguvu zangu zote manake nlidhani ukikaza ndo mfupa hautacheza. Mtandao wa simu hakuna. Tukambeba kwa zamu toka saa nane mchana mpaka saa moja usiku. Njiani akawa asema, "Dada, sivisikii vidole," na mimi namjibu, "Vumilia baba, twafika sasa hivi." Mara tatu alisema, na mara tatu nikamwambia avumilie.

Tulipofika hospitali daktari akauliza ulifungwa saa ngapi huu mguu, nani alikuwa akiangalia vidole njiani, vilianza kufa ganzi saa ngapi. Tulikuwa watu saba na hakuna aliyekuwa na jibu hata moja. Mguu ulipona alhamdulillahi, ila kile kidole gumba mpaka leo chamfa ganzi akikaa sana, na kila nikimuona akikisugua roho yaniuma.

Sasa, ile kozi ya kazini siiponde, nzuri kwa mahali pake. Yakufundisha zile dakika kumi za mwanzo, angalia hatari, zuia damu, bonyeza kifua, piga simu, ngoja ambulansi. Ukiwa Mombasa mjini hiyo yatosha, wapiga 999 ama 1199 ya Msalaba Mwekundu mtu aje. Lakini Kasigau ambulansi itapita wapi? Kozi ya porini yaanzia pale ile nyingine inapokomea, yaani umeshafunga jeraha, umeshamtuliza mtu, na sasa una saa sita na yeye peke yenu chini ya mti, utafanya nini saa hizo sita? Hapo ndo pesa yangu ilipoenda na siijutii hata shilingi.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja, nesi wa miaka mingi, wote twamwita Sista, na msaidizi wake kijana anayetembeza watalii. Siku ya kwanza baada ya chai Sista akanikalisha sakafuni, akanifunga mguu mimi mwenyewe kwa vijiti viwili na mkeka mwembamba wa kulalia uliokunjwa, juu akazungusha leso, kiatu kimevuliwa na vidole vyote vimeachwa nje. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba, ukawa mweupe, akauachia. "Hesabu, mwanangu." Moja, mbili, rangi ikarudi. Akasema ikirudi ndani ya sekunde mbili damu yapita. Kisha bila kuniambia kitu akaikaza ile leso zaidi, tukakaa, yeye aendelea kufundisha wengine kama aliyenisahau. Baada ya muda vidole vikaanza kuchomachoma kama mtu aliyeukalia mguu, akarudi, akabonyeza tena ukucha, moja, mbili, tatu, nne, bado mweupe. Nikamwambia, "Sista, sivisikii vizuri." Maneno yalipotoka tu kinywani nikaisikia sauti ya mdogo wangu, wallahi machozi yakanitoka mbele ya watu. Sista hakuuliza kitu, akalegeza fundo, akanishika mguu kwa mikono miwili mpaka ukapata moto, kisha akawageukia wengine akasema mgonjwa akisema hasikii muamini, fungua ufunge upya, kwa sababu mguu uliovunjika huvimba na fundo lililokuwa sawa saa nane saa tisa lishakuwa kamba ya kunyonga.

Ndo tukaingia kwenye daftari. Mimi nlikuwa nadhani kifaa kikubwa cha huduma ya kwanza ni bandeji, kumbe ni daftari na kalamu ya risasi. Kila robo saa waandika: mapigo ya moyo mangapi kwa dakika, apumua mara ngapi, ngozi ya moto ama baridi, akili iko sawa, vidole vya mguu uliofungwa vina rangi na vyasikia. Mtu akiwa na hali mbaya, kila dakika tano. Namba moja peke yake haikwambii kitu, mapigo 96 yaweza kuwa ni woga tu, lakini ikiwa 96 halafu 108 halafu 120 na mtu amelala hafanyi kazi yoyote, basi huenda damu yavuja ndani na hapo waanza kufikiria kutuma watu wawili washuke kutafuta msaada badala ya kungoja asubuhi.

Kwenye kuandika saa pakazuka ubishi mkubwa darasani na nafurahi ulizuka. Tulikuwa twafanya zoezi la torniketi, ule ukanda wenye kijiti cha kukazia, ile ya kuzuia damu inayoruka, yafungwa vidole vitatu hivi juu ya jeraha, si juu ya goti wala kiwiko, wakaza mpaka damu isimame na waandika saa uliyofunga. Baba mmoja nahodha wa mashua akaandika "saa 3". Msaidizi akamuuliza, huyu mgonjwa akifika hospitali saa tano asubuhi, daktari akisoma saa 3 atajua ni saa tatu yetu ya asubuhi ama ni ile tatu ya saa ya mkononi? Manake torniketi ikishapita muda wa saa mbili mguu waanza kuwa hatarini, na sisi twasema saa hii twaandika ile kila siku bila kufikiri. Tukakubaliana darasa zima: porini andika kama ilivyo kwenye simu, 09:10, tarakimu nne, basi. Hili hata kwenye kijitabu chao halimo.

Nyoka walichukua muda mrefu na ni haki, sisi wa pwani tunao. Kila mtu alikuwa na la kusema, kuna aliyetaka kuchanja, kuna aliyetaka kufyonza sumu, na mama mmoja wa Kwale akatoa mkobani lile jiwe jeusi la nyoka alilorithi kwa babake. Nilipenda vile Sista alivyolipokea, alilishika kwa heshima, hakucheka, akamwambia, "Mama, liweke kwa kumbukumbu ya marehemu, lakini mtoto akiumwa lisikupotezee dakika, halitoi sumu." Alivyofundisha ni kumtuliza mtu asitembee kabisa, kuvua pete na bangili na kiatu kabla hapajavimba, kukizuia kiungo kisicheze kama vile wazuia mfupa uliovunjika, kuandika saa, na kumbeba mpaka hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Hakuna kuchanja, hakuna kamba ya kukaza, hakuna barafu, na hakuna kumkimbiza nyoka na panga mkapata wagonjwa wawili. Bafe sumu yake yala nyama, ukiifungia mahali pamoja kwa kamba waweza kuupoteza mguu wote. Fira wa kutema akikupata machoni ni maji mengi tu, mengi sana. Maumivu mpe panadol, si aspirini, kwa sababu sumu nyingine zazuia damu kuganda. Twende.

Siku ya Kwale ndo bora zaidi. Watupa "wagonjwa" msituni, damu ya rangi, makelele, na wewe na wenzako watatu mjitegemee. Kwangu mimi kulikuwa na dada amelala kifudifudi chini ya mti nikamkimbilia, msaidizi akanisimamisha akaniuliza umeangalia juu? Juu ya tawi walikuwa wamefunga kitambaa cha manjano, maana yake mzinga wa nyuki. Tangu siku hiyo nikifika mahali nasimama kwanza, nahesabu pumzi tatu, naangalia juu, chini, nyuma, ndo naenda.

Na hapa nataka niseme na dada zangu. Nlikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya kukaguliwa mwili kutoka kichwa mpaka mguu, mimi navaa buibui na grupu letu wengi twajistiri. Sista alilishughulikia bila kuulizwa. Kwanza waomba ruhusa na wasema kila unalotaka kufanya kabla hujagusa, mwanamke amkague mwanamke kama yuko, wawili washike leso kama pazia, na wafunua pale tu unapoangalia kisha wafunika. Ikiwa hakuna mwanamke na mtu yuko hatarini, basi uhai kwanza. Wanaume darasani walifundishwa hayo hayo na walisikiliza kwa adabu.

Sasa yaliyonikera. Tulikuwa 22 na lile sanamu la kubonyeza kifua ni moja, nilipata zamu mbili fupi tu, na kubonyeza sentimita tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, si kitu utakijua kwa kutazama mwenzio. Kijitabu ni cha Kiingereza kitupu, na kulikuwa na wazee wa mashua na waongoza njia ambao wamewahi kubeba watu kuliko sisi sote lakini wakawa wakigeuza kurasa kwa haya. Mwafundisha Mombasa, tafsirini hiyo karatasi jamani.

Halafu baridi. Saa moja na nusu nzima baridi ya mlimani, mifuko ya kulalia, theluji, na joto likapewa dakika ishirini za mwisho watu wanatazama saa. Najua Mlima Kenya baridi yaua, sikatai, lakini sisi wikendi nyingi tuko Tsavo na Shimba. Na bahari haikutajwa kabisa, wala yule samaki taa mwenye mwiba wala mtu aliyezama, na darasa liko Nyali, mawimbi mwayasikia.

Hilo la joto nalisema kwa sababu lilinikuta. Mwezi uliopita tulishuka maporomoko ya Sheldrick na askari wa mbuga, kushuka raha, kupanda kurudi ni jua na unyevu. Mwenzetu mmoja akaketi, akaniuliza stejini ni wapi. Nikamuuliza leo siku gani, hakujua. Ngozi yamchoma mkono wangu, na bado atoka jasho, mjue hilo, jasho si dalili kuwa mtu yuko salama, ukiona akili imeanza kupotea hiyo ni dharura. Wenzangu wakataka tumbebe haraka tufike gari. Nikakumbuka zile dakika ishirini, poza kwanza, beba baadaye. Tukampeleka kivulini, tukatoa leso zote tukaziloweka, tukamfunika shingo, kwapa na kifua, wawili wakipepea kwa kifuniko cha katoni. 13:40 mapigo 132, hajui siku. 13:55 mapigo 118, ajua jina langu. 14:10 mapigo 104, aomba maji. Askari akaita gari, tukampeleka hospitali akalazwa usiku mmoja, na karatasi ile nilimpa daktari mkononi, akaisoma yote.

Jambo jingine, msinunue kifurushi cha dawa wanachouza pale mwisho wa kozi, 4,800. Torniketi iliyomo kijiti chake ni plastiki laini, nilipoijaribu nyumbani kwenye paja langu ikapinda kabla hata haijakaza. Nimewaandikia, wakasema wataangalia, wiki tano sasa. Glavu, bandeji pana, plasta, chumvi na sukari vyote mwavipata madukani kwa pesa kidogo (vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita ya maji safi, kwa mwenye kuharisha), na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko yaosha jeraha vizuri kuliko spiriti.

Kabla hamjalipa waulizeni mko wangapi na masanamu mangapi, na msikubali kozi isiyokuwa na siku ya msituni. Na mubebe leso yenu pea nzima, iliyozeeka. Mimi nilienda na mpya, bado ina wanga wa dukani, kila nikipiga fundo lafunguka, ikabidi Sista anipe yake.