Kuwasha kwa haraka au kupunguza programu zinazojiwasha?

Kompyuta ya Windows ikichelewa kuwaka, njia hizi mbili husaidia. Kuwasha kwa haraka (Fast Startup), kulikoingia na Windows 8 mwaka 2012, huhifadhi kiini cha mfumo na draiva (programu zinazoendesha vifaa) kwenye faili la hiberfil.sys unapozima, kisha huvirudisha unapowasha badala ya kuvipakia upya. Kwenye diski ya kuzunguka nafuu yake huonekana. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, ni ndogo. Tatizo ni kwamba draiva iliyokwama inaweza kubaki hivyo hata ukizima na kuwasha. Ukichagua kuanzisha upya, inapakiwa upya, maana hapo faili lile halitumiki. (Ndiyo maana mafundi husema “anzisha upya”, si “zima”.) Mwenye mfumo wa Linux pia kwenye mashine hiyohiyo azime kuwasha kwa haraka ndani ya Windows kwa amri powercfg /h off, akiwa na haki za msimamizi, la sivyo akiandika kwenye sehemu ya Windows anaweza kuharibu data. Amri hiyo huondoa na hali ya kulala usingizi mzito (hibernate).

Kupunguza programu zinazojiwasha ni rahisi zaidi: bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya programu za mwanzo, zima zenye athari kubwa, antivirusi iache. Faida huja baada ya kuingia kwenye akaunti, si kabla, lakini hata kuzima huwa kwepesi. Ningeanza na njia hii.