Povu la kopo kwenye mlango wa Haboba: yaliyonipata

Nianze na mikono. Nilitumia povu la kuziba mianya siku ya Jumatatu, lile linalouzwa kwenye makopo ya mililita 750. Ijumaa nikaenda kupakwa hina kwa ajili ya arusi ya binamu yangu, na vidole vitatu vya mkono wa kulia bado vilikuwa na gamba gumu la rangi ya chai. Mpakaji akalikwaruza kwa ukucha, akanitazama usoni. "Dada, hapa hina haishiki." Akapaka hivyo hivyo. Haikushika. Nikaenda arusini na maua mazuri yaliyokatika katikati ya vidole kama ramani iliyoliwa na mende.

Sasa nirudi nyuma. Nyumba ya Haboba, nyanya yangu, iko Bombo, kaskazini mwa Kampala. Ni nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, na mwaka jana tulimbadilishia mlango wa nyuma. Fremu mpya ilikuwa ndogo kuliko tundu, ikabaki nafasi ya vidole viwili kila upande. Fundi akajaza saruji. Mvua za Machi zilipoanza, saruji ikaachana na mbao. Akaja akajaza tena, ikaachana tena. Mbao hunywa maji ikavimba, jua likiwaka ikanywea, na saruji haijui kumfuata mwenzake. Kila mvua ikija na upepo, maji yanatiririka hadi kwenye mkeka.

Ndipo nikaambiwa habari za povu. Nililinunua Kampala, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na soko la Nakasero, kwa shilingi 38,000. Maandishi ya kopo yalikuwa ya lugha nisiyoijua, picha ndizo zilizosema. Muuzaji naye alinipa somo la maneno matatu: "Tikisa, geuza, bonyeza." Yote kweli. Neno la nne, "kidogo", sijui alilisahau au alitaka nirudi kununua kopo la pili.

Nikatikisa kama nusu dakika, nikafunga mrija kwenye kopo, nikaligeuza miguu juu, nikabonyeza. Jamani, raha! Linatoka laini, jeupe kama cheupe cha yai kilichopigwa, linang'ang'ania tofali bila kudondoka. Nikajaza mwanya wote, kutoka kizingiti cha chini mpaka juu, mpaka ukawa sawasawa na ukuta. Nikasimama kuangalia kazi yangu.

Kumbe kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Hii ni poliyurethani, aina ya plastiki, na inakauka kwa kunywa unyevunyevu wa hewani. Ukishamaliza kubonyeza bado inaendelea kukua, na Bombo wakati wa mvua unyevunyevu si kitu cha kutafuta. Umewahi kuacha unga wa maandazi wenye hamira nyingi, ukaenda kusali, ukarudi ukaukuta umepanda ukingo wa bakuli? Ndivyo. Povu likatoka kwenye mwanya, likafanya kitambi, kitambi kikaanza kuning'inia.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndilo hasa nililotaka kuwaambia. Nilifuta.

Nilichukua kitambaa nikafuta. Kitambaa kikashika, nikavuta, zikatoka nyuzi kama za jibini ya moto. Nyuzi zikanasa kwenye mtandio. Nikatoa mtandio kwa mkono, mkono ukanasa. Glavu? Zilikuwemo, zile nyembamba za nailoni zilizokunjwa ndani ya kifuniko cha kopo. Nilikuwa nimeziweka juu ya dirisha zisichafuke. Kila nilipogusa kusafisha, doa la ukubwa wa sarafu liligeuka la ukubwa wa sahani. Kile kitambi ningekiacha kining'inie saa moja au mbili, ningekikata kwa kisu cha mkate kikatoka kizima, kikavu, bila kuacha alama. Povu bichi ni gundi. Povu kavu ni kama boflo. Mimi nilipigana nalo likiwa gundi.

Na ukutani palikuwa na tabaga la Haboba. Kwa wasiojua, ni kawa la kufunikia chakula, Wanubi tunalisuka kwa rangi nyingi. Hili alilisuka mwenyewe kabla mama yangu hajaolewa. Nilipokung'uta mkono, tone likaruka likatua katikati yake. Nikakimbilia kulifuta na hilo. Povu likaingia ndani ya msuko.

Haboba alikuwa barazani anachemsha kahawa ya tangawizi kwenye jiko la makaa. Hakusema neno kuhusu tabaga. Alisema, "Hiyo harufu yako ina gesi?" Nikasoma picha za kopo vizuri kwa mara ya kwanza: mwali wa moto, umepigiwa mstari. Gesi inayosukuma povu ni ya jamii ile ile ya mtungi wa kupikia, na jiko lilikuwa hatua nne kutoka mlangoni. Tulilibeba mpaka chini ya mwembe, na mtoto wa dada yangu mwenye pumu tukampeleka kwa jirani, kwa sababu mvuke wa dawa hii ikiwa mbichi haufai kwa kifua kama chake. Mambo haya yalitakiwa kufanywa kabla, najua.

Nikaanza kutafuta dawa ya kulitoa. Petroli, mafuta ya taa, sabuni ya mche, majivu: kila mpita njia alikuwa na lake. Kinachofanya kazi ni asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, na bahati nzuri vijana wa kucha hupita na vikapu vyao. Nikamwita mmoja. Akanimiminia kwenye pamba, na kweli, doa lililokuwa bado bichi kwenye kopo na kwenye bawaba likayeyuka kama halikuwepo. Kwenye mkono wangu, hakuna kitu. Ilishapita kama dakika arobaini, limeganda. Asetoni inaweza lililo bichi tu. Likishakauka hakuna dawa ya chupa, ni kukwaruza. Kijana akasema, "Mama, hii itatoka na ngozi yako." Alimaanisha polepole, ngozi ikijibadilisha yenyewe, na ndivyo ilivyokuwa: maji ya moto, jiwe la kusugulia visigino, vaselini usiku, siku nane mpaka kidole cha mwisho. Msijikwangue kwa wembe, nilijaribu, nina kovu.

Sakafu ilinipa heshima kidogo. Ni saruji nyekundu iliyopigwa nta, na matone ambayo sikuyagusa yalibanduka asubuhi kwa mwiko wa plasta, tap, tap. Niliyoyafuta bado yapo.

Asubuhi hiyo hiyo mlango ulikataa kufungika. Povu lilipokosa pa kwenda lilisukuma fremu, ikabinuka katikati kiasi cha unene wa sarafu mbili. Fundi alipoitwa alicheka mpaka akaketi. Alikata povu lote kwa msumeno, fremu ikarudi karibu yote, akaranda ubavu wa mlango kidogo.

Kopo la pili nilinunua duka jingine, nikauliza lile la madirisha na milango, lisilovimba sana. Lilikuwa ghali kwa shilingi 7,000 zaidi. Safari hii tulifunga mlango, tukachomeka vipande vya boksi kati yake na fremu, tukakaza mbao mbili za kulala kuzuia fremu isibinuke. Nikafagia vumbi la tofali, nikapuliza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, nikavaa glavu nzito za kuoshea vyombo, nikajaza mwanya chini ya nusu. Kisha nikaweka mikono nyuma kama mgeni kwenye duka la vioo. Likapanda lenyewe, likafika ukingoni, likasimama. Kesho yake nikakata kilichozidi, fundi akapiga plasta nje na rangi juu yake.

Hiyo plasta si ya urembo. Kipande kimoja nilikisahau juu, kikakaa juani tangu Mei. Sasa kimekuwa rangi ya ugoro na ukikigusa kinamwagika unga. Halafu kuna suala la panya: nilijaza pia tundu la bomba la jikoni nikidhani nimewafungia. Walitafuna wakapita kwa siku mbili. Tulirudia kwa kushindilia kwanza waya ya kusugulia sufuria, ndipo povu, na mpaka leo hawajarudi.

Mvua za Septemba zimekuja na kupiga mlango huo mpaka zikachoka. Mkeka mkavu. Kwa kazi yake ya kuziba nalipatia povu nyota nne. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya mrija, maana kopo la mrija ukishalifungua ni la siku hiyo hiyo. Langu lilibaki karibu nusu, nikalihifadhi kabatini. Wiki mbili baadaye nilitaka kuziba kwenye dirisha la bafu, nikatikisa, nikageuza, nikabonyeza. Povu limegandia ndani ya valvu. Nalisikia linacheza humo ndani ninapolitikisa, kama shilingi elfu ishirini hivi, na hakuna pa kutokea. Haboba ameniambia nisithubutu kulitoboa wala kulitupa kwenye moto wa takataka. Tabaga amelirudisha ukutani, upande wenye uvimbe umegeuzwa ndani.