Mvinyo mwekundu mkavu wa Ujerumani: ununue upi, ule na nini

Kabla hujauliza zabibu gani, tafuta neno moja kwenye lebo: trocken, yaani mkavu, usio na utamu. Kisheria mvinyo wa trocken hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, au gramu 9 iwapo uchachu wake ni mkali wa kutosha kuubeba huo utamu. Halbtrocken, yaani nusu mkavu, unapanda hadi gramu 12, wakati mwingine 18. Ukiona lieblich, huo ni mtamu, na neno feinherb halina kipimo chochote cha kisheria. Kila mtengenezaji analitumia apendavyo. Neno trocken lenyewe mara nyingi limefichwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo, kwa hiyo igeuze usome.

Ninaouweka namba moja ni Lemberger wa Württemberg, eneo la kusini magharibi mwa Ujerumani, na najua mashabiki wa Spätburgunder, wa pili kwenye orodha yangu, watanuna. Ni zabibu ileile ambayo Waaustria huiita Blaufränkisch. Una rangi nzito, harufu ya matunda meusi na pilipili manga, na ukakasi wa kiasi unaokata mafuta ya nyama. Wenyeji wa huko, Waswabia, huunywa na Zwiebelrostbraten, steki ya ng'ombe iliyofunikwa vitunguu vya kukaanga, au na nyama ya paa. Kwa mbuzi wa kuchoma aliyepakwa chumvi na ndimu tu, sijaona chupa ya Kijerumani inayoushinda. Mvinyo mwingi wa Württemberg hutoka kwenye vyama vya ushirika vya wakulima, na chupa zao za yuro 7 au 8 ni za kuaminika.

Spätburgunder ni wa pili kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya ubora. Hii ndiyo zabibu ambayo kwingine huitwa Pinot Noir, na Ujerumani ni ya tatu duniani kwa kuilima, nyuma ya Ufaransa na Marekani. Ukiwa na yuro 15 na kuendelea, geuza orodha yangu, uanze hapa. Wa Kaiserstuhl, kwenye udongo wa volkano huko Baden, huwa umejaa na una joto mdomoni. Wa bonde la Ahr, ambako mizabibu imeng'ang'ania miteremko mikali, ni mwembamba na wenye harufu nzuri zaidi. Mafuriko ya Julai 2021 yaliliumiza sana bonde hilo, na kununua chupa yake si sadaka: ni mvinyo mzuri. Ule na bata, uyoga, au samaki mwenye mafuta kama jodari. Pilau ya nyama nayo inakubali, maana mdalasini na karafuu haziugombanishi mvinyo laini. Ila Spätburgunder wa yuro 4 uache rafuni. Zabibu hii ikizalishwa kwa wingi hutoa maji mekundu.

Dornfelder ndio utakaoukuta kila supamaketi, na ndio unaodanganya watu wengi, kwani chupa nyingi zake ni lieblich. Zabibu yake ilizalishwa mwaka 1955 na mtaalamu wa mizabibu August Herold huko Weinsberg, Ujerumani, kwa lengo la kuipa rangi mivinyo mingine iliyopauka. Rangi anayo kweli: ukimwagikia shati jeupe, sahau shati. Ukipata ulioandikwa trocken, kutoka maeneo ya mvinyo ya Pfalz au Rheinhessen, ni kinywaji cha bei poa cha soseji za kuchoma, mishikaki, au mchuzi mzito wa ng'ombe. Usitegemee makubwa.

Trollinger naufunga mkiani, ingawa una kazi moja ambayo waliotangulia hawaiwezi. Ni mwepesi, rangi yake ni nyekundu ya kupauka, ukakasi karibu hakuna. Pilipili kali hufanya mvinyo wenye ukakasi na kilevi kingi uchome zaidi, kwa hiyo chakula chenye pilipili kipe huu, uliopoa vizuri kwenye friji.

Mivinyo hiyo mingine nayo isinywewe vuguvugu. Ule ushauri wa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya ya zamani. Nyuzi 16 zinatosha Lemberger na Dornfelder, 14 kwa Spätburgunder. Kama chumba chako kina nyuzi 28, iweke chupa kwenye friji saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kufungua.