Huria au UNISA, ukiwa kazini Muscat?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu 1946. Kwa uzoefu, UNISA iko mbele. Lakini wewe Mtanzania uliye Muscat na unayepanga kurudi nyumbani, ningekuelekeza Huria. Shahada ya nje utatakiwa kuipeleka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe. Ya Huria haina safari hiyo.

Mtihani ndio unaonitia wasiwasi. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza utaufanyia wapi, maana likizo ya kazini haingoji ratiba ya chuo. UNISA imehamishia mitihani mingi mtandaoni tangu 2020, na kwa mtu asiyepewa ruhusa na tajiri wake, hilo ni jambo kubwa sana.