Fedha za Kimataifa mwaka wa tatu hapa Kampala: ichukue, lakini isome ukiwa umesimama upande wa shilingi

Nimemaliza yuniti ya Fedha za Kimataifa, ile ya digrii ya biashara, kwenye chuo kimoja hapa Kampala, na kwa vile wadogo zangu wa kampasi wananiuliza kila semista kama ni ya kuchukua ama waende zao maketing, wacha niandike. Chukueni. Katika yuniti zote nilizosoma hii ndiyo ilinifanya nisikilize taarifa ya habari nikaelewa kwa nini shilingi imeshuka, na kwa mtu aliyekulia Busia, ambako hela za nchi mbili zinazunguka kwenye soko moja, hilo si jambo dogo.

Ndani mtakuta urari wa malipo ya nchi, soko la fedha za kigeni, bei ya fowadi (bei ya sarafu mnayokubaliana leo kwa ajili ya kubadilishana siku ya mbele), hejing yaani kujikinga na bei ikiyumba, mikopo ya nje, barua za dhamana za benki kwa wanaoagiza mizigo. Pia historia kidogo, mkutano wa Bretton Woods 1944, dola ikafungwa kwa dhahabu, dola 35 kwa aunsi, mpaka Rais Nixon wa Marekani akaufunga huo mlango wa kubadilisha dola kwa dhahabu 1971. Hiyo historia inapita haraka, wiki moja tu.

Shida yangu kubwa ni hii. Kitabu tulichotumia kimeandikiwa Mmarekani, kwa hiyo dola ndiyo ya nyumbani na sarafu nyingine zote ni za kigeni. Sisi ni kinyume kabisa! Kwetu dola ndiyo mgeni, na ukibadilisha mahali pa kusimama fomula yote inageuka, cha juu kinaenda chini. Watu wengi darasani walikariri fomula jinsi ilivyo kitabuni, halafu swali likija na mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla hapa Kampala, anayetaka dola za kulipia mzigo Guangzhou wanagawanya pale pa kuzidisha. Lekchara wetu alijua somo vizuri sana, lakini mifano yake yote ilikuwa ya pauni na dola, na mimi naona hapo chuo kinawanyima wanafunzi haki yao, kwa sababu mifano ya hapa ipo tele na haina gharama.

Tuchukue biro ya foreksi tu, yaani duka la kubadilisha pesa. Tuseme imebandika dola, inanunua 3,590 na inauza 3,630. Wewe ukienda kuchukua dola unalipa 3,630, ukipeleka dola zako wanakupa 3,590, ile 40 katikati ndiyo mshahara wao. Sasa tuseme dola moja ni shilingi 3,612 za Uganda na ni shilingi 129 za Kenya, gawanya, ya Kenya moja ni 28 za kwetu. Wazee wanaobadilisha pesa pale mpakani wanaifanya hiyo hesabu kichwani huku wanaongea na wewe, na ndiyo hiyo hiyo kitabu kinaipa kurasa kumi.

Sehemu tamu kuliko zote ni uhusiano wa riba na bei ya fowadi. Tuseme riba ya mwaka hapa ni asilimia 12, Marekani ni 5, dola leo ni 3,600. Zidisha 3,600 kwa 1.12 halafu gawanya kwa 1.05, unapata 3,840, na hiyo ndiyo bei ya fowadi ya mwaka mmoja inayotarajiwa. Yaani mgeni anayeleta dola zake kununua hati za hazina hapa, yaani kuikopesha serikali, akafikiri ameokota ile tofauti yote ya riba, akitaka kujifunga kwa fowadi tofauti inamezwa karibu yote, na asipojifunga amebeba hatari ya shilingi mwenyewe. Siku nilipolielewa hili nilikaa na kalkuleta mpaka usiku nikijaribu namba nyingine.

Kilichonikera ni kwamba Uganda yenyewe ilitajwa mara chache mno. Kuna ile kanuni kwamba nchi haiwezi kushika vitu vitatu kwa pamoja, bei ya sarafu isiyoyumba, mtaji kuingia na kutoka kwa uhuru, na sera yake yenyewe ya riba. Tulifundishwa kwa Thailand ya 1997, sarafu yao ilipoanguka, sawa, mfano mzuri. Lakini sisi tulikuwa na soko la kibanda, dola za magendo kila mtu anazijua, mpaka 1990 biro za foreksi zikaruhusiwa, 1993 soko la benki kwa benki likaanza, 1997 mtaji ukafunguliwa. Nchi imechagua viwili ikaiacha shilingi ielee, ni somo zima liko hapa mlangoni! Na itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilitiwa saini hapa hapa Kampala Novemba 2013, hilo peke yake ni mjadala wa wiki mbili, sisi tulipewa dakika kumi.

Mtihani ni hesabu nyingi na muda mchache. Mtu ambaye hajapita takwimu na yuniti ya fedha na benki asijiandikishe bado, atateseka bure. Opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza sarafu kwa bei fulani bila kulazimika, ndizo ngumu zaidi, na ukweli ni kwamba duka la kawaida hapa halitazigusa, fowadi ndiyo watu wanatumia, kwa hiyo fowadi iweke kwenye vidole.

Kabla ya kulipa ada muulize mkuu wa idara mambo mawili, kama darasa linatembelea chumba cha hazina cha benki yoyote, pale wanapouza na kununua sarafu, na kama kosiwaki, yaani kazi za darasani za semista, inatumia bei za kila siku za Benki Kuu ya Uganda, maana ziko kwenye tovuti yao bure. Akikwambia hapana kwa yote mawili, bado jiandikishe, ila hizo bei anza kuziandika mwenyewe kwenye Excel kuanzia wiki ya kwanza, mimi nilifanya hivyo na kazi yangu ya mwisho ya semista ilitoka humo.